Mkopo wa mbolea ndani ya simu (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita tulikubaliana kwamba ada ya kutuma pesa kwa simu ni ujira. Wakala na kampuni wamefanya kazi, wamelipwa, na anayeyaita makato hayo riba anawatwisha Waislamu mzigo wasiopewa. Ugumu unaanza simu inapokopesha.

Mkulima wa mahindi wa Matogoro, hapo Songea, anataka mbolea mvua zinapoanza. Fedha ataiona baada ya mavuno. Kati ya miezi hiyo ndipo mkopo wa simu unapomkuta. Chukua Fuliza ya Kenya, iliyoanza mwaka 2019: salio likipungua inakujazia, kisha inatoza ada ya kila siku mpaka ulipe. Kazi ya kutuma ilikwisha siku ya kwanza. Siku ya tisa mkopeshaji anauza nini, kama si muda? Hiyo ni riba, hata ikipewa jina la ada.

Fiqhi ina njia ya murabaha. Mkopeshaji anunue mbolea, iwe mali yake kweli, kisha amuuzie mkulima kwa bei ya juu inayojulikana, ilipwe baada ya mavuno. Mkulima akichelewa, bei haipandi. Tanzania tunayo Amana Bank tangu 2011, inayoendeshwa kwa misingi ya kisharia, kwa hiyo si ndoto. Kwenye simu, hata hivyo, mauzo mawili hubanwa katika kitufe kimoja: duka la pembejeo halijatenga hata mfuko, na mkulima keshaandikiwa deni. Hapo mbolea ni kisingizio. Stakabadhi ya kidijitali nami naikubali, ilmradi mfuko ukiloa kabla ya kukabidhiwa, hasara iwe ya muuzaji.

Halafu kuna kudai. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Watu walishachoka na kausha damu hizi: zinasomba majina yote ya simuni, ukichelewa ujumbe unamfikia mkweo, hata imamu wako. Aya ya 280 ya Sura Al-Baqara inaamuru mdaiwa mwenye dhiki apewe muda, na kumsamehe ni bora zaidi. Programu haimtofautishi mkaidi na mkulima ambaye mahindi yake yamekosa mnunuzi. Na hao wenye leseni? Leseni haikaguliwi kwa kipimo cha riba. Msomaji Mwislamu itambidi asome masharti mwenyewe, kabla hajabonyeza.

Wiki ijayo: zaka ya fedha iliyolala kwenye simu.