Mwavuli wa Dharura Unaojifyatua Katika Droni: Usanidi na Mipaka Yake Katika Upimaji wa Mashamba ya Mikorosho, Kata ya Mbekenyera

Makala haya yanaeleza namna ya kusanidi mfumo wa mwavuli unaojifyatua wenyewe pindi droni inapopoteza uwezo wa kuruka. Mfano unaotumika ni droni ya rafadha nne yenye uzito wa kilo 4, inayopiga picha za mashamba ya mikorosho katika kata ya Mbekenyera, wilayani Ruangwa, mkoani Lindi. Mahali hapa pamechaguliwa kwa sababu mikorosho ya huku haiko mbali na watu. Njia za waendao kwa miguu hupita chini ya matawi, na katika miezi ya mavuno, yaani Oktoba hadi Desemba, waokota korosho huinama chini ya miti hiyo tangu asubuhi. Mtu aliyeinama chini ya mkorosho anaweza kuisikia droni, lakini hana namna ya kujua kwamba imeanza kuanguka.

Matumizi ya droni si jambo geni nchini. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupigwa picha kwa droni ili kutengeneza ramani ya visiwa vyake, na mwaka 2018 droni ya kampuni ya Wingcopter ilisafirisha dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, takribani kilomita 60 kwa muda wa dakika 40 hivi. Nchini Rwanda, droni za Zipline zimekuwa zikidondosha damu na dawa kwa miavuli midogo ya karatasi tangu mwaka huohuo wa 2016, na droni zenyewe hubeba mwavuli wa dharura. Droni hizo, hata hivyo, zina mabawa, na mota ikizimika bawa huendelea kuibeba ndege kwa muda. Droni ya rafadha nne haina bawa. Rafadha moja ikivunjika, hupinduka na kushuka kama jiwe.

Ukubwa wa hatari hiyo unaweza kukokotolewa. Kitu cha kilo 4 kikianguka kutoka mita 60, ukinzani wa hewa ukiachwa kando, hufika chini kwa kasi ya takribani mita 34 kwa sekunde, kikiwa na nishati ya jouli zipatazo 2,350. Kikishuka kwa mwavuli kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde, nishati yake ni jouli 50 tu, sawa na kuangushwa kutoka kimo kisichozidi mita 1.3. Bado kinaweza kuumiza, lakini tofauti ya majeraha ni kubwa mno.

Ili kuipata kasi hiyo ya mita 5, eneo la mwavuli hutafutwa kwa kuulinganisha uzito wa droni na nguvu ya ukinzani wa hewa. Tukichukua msongamano wa hewa kuwa kilo 1.15 kwa mita ya ujazo, na namba ya ukinzani ya mwavuli wa umbo la kuba kuwa 1.5, tunapata mita za mraba 1.8, yaani kipenyo cha mita moja na nusu hivi. Uzito unaoingizwa katika hesabu ni ule wa droni inayoruka, pamoja na betri, kamera na mwavuli wenyewe. Kosa la kawaida ni kutumia uzito ulioandikwa kwenye boksi.

Jinsi mashine inavyotambua kwamba inaanguka

Hapa ndipo penye ugumu wa kazi yote. Mtu angedhani kwamba kihisi cha mchapuko kinatosha, kwa kuwa kitu kinachoanguka huru hupoteza uzito na kihisi husoma karibu na sifuri. Lakini droni iliyovunjika rafadha haianguki kwa utulivu. Huzunguka, na mzunguko huo huzaa mchapuko wake wenyewe unaoficha ile sifuri. Kwa upande mwingine, droni nzima inayoshuka ghafla kwa amri ya rubani inaweza kusoma karibu na sifuri kwa nukta chache ilhali haina tatizo lolote. Kwa hiyo kipimo kimoja hakiaminiki peke yake.

Programu huria ya ArduPilot hutatua jambo hili kwa kudai masharti kadhaa yatimie kwa pamoja: mota ziwe zimewashwa, droni isiwe imetua, barometa ioneshe kwamba haipandi, kimo kiwe juu ya kiwango kilichowekwa, na mwinamo wa droni utofautiane na mwinamo ulioamriwa kwa nyuzi 30 kwa muda wa sekunde nzima. Sharti la mwisho ndilo kiini. Programu haiulizi kama droni imeinama, kwani droni huinama kila inapokwenda mbele. Huuliza kama imeinama kinyume cha amri. Masharti yote yakitimia, mota huzimwa kwanza, kisha baada ya milisekunde 500 mwavuli hufyatuliwa. Mota zisipozimwa kwanza, rafadha zinazozunguka zitakata kamba.

Usanidi wenyewe si mrefu. Kigezo CHUTE_ENABLED huwekwa 1. CHUTE_TYPE huwekwa 10 ikiwa kifuniko cha mwavuli hufunguliwa kwa mota ndogo ya sevo, na njia inayoiendesha sevo hiyo hupewa kazi namba 27. Swichi moja ya rimoti hupewa kazi namba 23, yenye nafasi tatu: kuzuia, kuruhusu na kufyatua kwa mkono. Rafadha zifunguliwe na kuwekwa kando kabla ya hatua yoyote kati ya hizi, na mkunjaji wa mwavuli asiweke uso juu ya mdomo wa chombo chenye springi.

Mita thelathini za kwanza

Kigezo kinachohitaji fikra zaidi ni CHUTE_ALT_MIN, ambacho kwa kawaida huja kikiwa mita 10. Tuhesabu. Sekunde moja ya utambuzi na nusu sekunde ya kusubiri ni sekunde 1.5, na katika muda huo kitu kinachoanguka huru huwa kimeshuka mita 11. Mwavuli bado haujatoka. Tukiukadiria sekunde moja ya kutoka na kujaa hewa, droni hupoteza mita nyingine 12 hivi. Jumla ni mita 23, na mwenye busara atazihesabu 30. Maana yake ni kwamba chini ya mita 30 mfumo huu hautoi ulinzi kamili, hata kama umesanidiwa bila kosa.

Je, kigezo kipandishwe hadi 30? Kwa maoni yangu, hapana. Mwavuli uliojaa nusu hupunguza kasi kwa kiasi fulani, ilhali mwavuli uliozuiwa na programu haupunguzi chochote. Kinachopaswa kupandishwa ni kimo cha safari.

Lipo pia jambo la ardhi. Kimo hiki hupimwa kutoka mahali droni iliporukia. Droni iliyorukia bondeni na kutumwa mita 60 kwenda kupiga picha shamba lililo mlimani inaweza kuwa mita 25 tu juu ya ardhi ya huko, na mkorosho uliokomaa, wenye mita 10 au zaidi, hupunguza nafasi hiyo tena. Kwa hiyo inafaa kurukia sehemu ya juu kabisa ya eneo linalopimwa.

Upepo nao hudai sehemu yake. Droni iliyofyatua mwavuli kwenye mita 60 hushuka kwa takribani sekunde 12. Upepo wa mita 8 kwa sekunde utaisukuma karibu mita 100. Eneo la kuwaomba watu wasikae, kwa hiyo, si lile lililo chini ya droni tu, bali pia upande unakoelekea upepo. Ikiwa shule iko upande huo, safari iahirishwe.

Udhaifu mmoja wa mpango huu ni kwamba kompyuta inayotambua ajali hutegemea betri ileile inayoendesha mota. Betri ikikatika, mwamuzi naye amezimika. Mifumo madhubuti zaidi huwa na kihisi, barometa na betri ndogo ya pekee, na huweza kukata umeme wa mota bila kuiuliza kompyuta ya droni. Kiwango cha kimataifa F3322 cha ASTM International, kilichotolewa mwaka 2018, kinaeleza namna miavuli ya aina hii inavyopaswa kujaribiwa. Kwa mtafiti mwenye fedha kidogo, majaribio ya awali yafanywe kwa mfuko wa mchanga wa kilo 4, na mwavuli ukunjwe upya na mtu yuleyule kila mara. Kuwa na mwavuli hakumwondolei mrushaji wajibu wa kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Droni za kunyunyizia dawa ya ubwiriunga haziingii katika mjadala huu. Hizo huruka mita chache tu juu ya mikorosho, mahali ambapo mwavuli hauna muda wa kufunguka. Usalama wake hutafutwa kwa mota za ziada, na kwa kuhakikisha shamba halina mtu.