Somo la Tisa: Kujitawala Kila Siku



Ndugu wapenzi, katika somo lililopita tulieleza ahadi za ubatizo. Leo tutaeleza namna ya kuzishika nyumbani, shambani na njiani. Maana kuahidi ni kazi ya saa moja, bali kutimiza ni kazi ya kila siku.

Wengi hushindwa kwa kuwa wanataka kuyashinda yote pamoja. Jumatano ya Majivu mtu asema: «Tangu leo sinywi pombe, sigombani, sisemi uongo, sichelewi Misa.» Dominika ya pili anywa kibuyu kimoja kwa rafiki yake. Kesho yake asema: «Ahadi imekwisha kuvunjika, basi, na yote yaende.» Tazameni: si kibuyu kilichoangusha Kwaresima yake, bali kukata tamaa.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa askari huko Hispania. Mwaka 1521, katika vita vya Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu. Alipokuwa akiugua alisoma maisha ya Kristu na ya watakatifu, akamgeukia Mungu. Lakini mwanzoni naye alitaka kufanya yote kwa nguvu. Huko Manresa alifunga juma zima bila kula wala kunywa, hata padri aliyemwungamisha akamwamuru avunje mfungo. Taabu zile zilimharibu afya. Kwa hiyo baadaye aliwafundisha wenzake kiasi, akaandika njia nyepesi katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichokubaliwa na Papa Paulo III mwaka 1548.

Njia yenyewe ndiyo hii. Chagua kosa moja tu. Asubuhi, ukiamka, kusudia kujilinda nalo. Kila mara uangukapo, weka mkono kifuani na kutubu moyoni. Hata kati ya watu waweza kufanya hivyo bila kuonekana. Baada ya chakula cha mchana hesabu umeanguka mara ngapi, ukaandike nukta katika mstari. Jioni fanya vilevile. Kisha linganisha mchana na jioni, leo na jana, juma hili na juma lililopita. Asiyejua kuandika atumie punje za mahindi: kila aangukapo ahamishe moja toka mfuko wa kuume kwenda wa kushoto.

Sisi wenyewe tumeijaribu. Kosa letu lilikuwa ukali wa maneno. Tulifundisha upole kanisani, na jioni watoto wetu wakisikia hatua zetu walikimbilia jikoni kwa mama yao. Siku ya kwanza tulidhani tutahesabu punje 2 au 3, zilikuwa 11. Tuliona haya. Lakini punje zilitufundisha neno lingine: karibu zote zilihama saa ileile, tulipofika nyumbani na njaa na uchovu. Basi tukajiwekea desturi ya kuketi kwanza chini ya mwembe na kusali Salamu Maria moja, ndipo tuingie. Juma la nne zilikuwa punje 2 kwa siku. Hazikuisha kabisa. Lakini jioni moja mtoto wetu mdogo alikuja kutupokea njiani, akatubebea kitabu.

Ndugu, adui afahamikaye saa yake hulindwa mlango wake. Mlevi ajiulize: Ni siku gani? Ni njia ipi inipitishayo penye pombe? Mgomvi ajiulize: Ni nani? Ni saa gani? Kisha abadili njia, au saa, au desturi. Wala asitegemee nguvu zake peke yake. Aombe neema ya Mungu katika sala, Kitubio na Komunyo.

MAULIZO

Kujitawala ni nini?
Ni kuziongoza tamaa na hasira zetu kwa akili na kwa neema ya Mungu, zisituongoze zenyewe.

Nikianguka nifanye nini?
Tubu, hesabu, anza tena saa ileile, usingoje kesho.

Kwa nini kosa moja tu?
Kwa sababu afukuzaye kuku wote hakamati hata mmoja.

KAZI YA JUMA HILI

Usiku wa leo, kabla ya kulala, chagua kosa lako moja. Kesho asubuhi tia punje mfukoni.

Mungu awabariki.