Nani mwenye nilichorekodi?

Saa kumi alfajiri si saa ya kusikiliza muziki, lakini ndiyo saa ambayo XM, kampuni ya redio ya setilaiti ya Marekani, ilirusha onesho la bendi ya Blondie. Msikilizaji mmoja wa Ottawa, Kanada, fundi wa kuandika programu za kompyuta, hakutaka kukesha. Mwaka 2004 akatengeneza programu yake, TimeTrax.

Ilifanya kazi na XM PCR, kijisanduku cha kupokelea matangazo kilichochomekwa kwenye kompyuta. Unachagua chaneli na saa, unakwenda kulala, kompyuta inarekodi. Uhondo ulikuwa hapa: setilaiti hutuma jina la wimbo na la msanii pamoja na sauti, hivyo TimeTrax iliweza kukata matangazo ya usiku kucha kuwa nyimbo mojamoja, kila moja na jina lake. Sisi wa enzi za kaseti, tuliokaa kidole juu ya kitufe tukiomba mtangazaji asidakie katikati ya wimbo, tungelipa chochote kwa mashine hiyo. Baada ya programu hiyo kutokea, XM ikaacha kuuza kijisanduku hicho.

Kurekodi kwenyewe hakukuwa kosa. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua katika kesi ya mikanda ya video ya Sony kwamba kurekodi kipindi cha televisheni nyumbani ili ukitazame baadaye si wizi.

Miaka miwili baada ya TimeTrax, XM yenyewe ikaleta Inno, redio ya mkononi iliyotengenezwa na Pioneer, yenye nafasi ya kuhifadhi hadi saa 50. Ila ilikuwa na kamba mguuni: wimbo haukuweza kutolewa humo, na ukiacha kulipia huduma, ulivyorekodi vinanyamaza. Hata hivyo, Mei 2006 kampuni kubwa za muziki ziliishtaki XM mjini New York, zikidai hadi dola 150,000 kwa kila wimbo. Januari 2007 Jaji Deborah Batts alikataa kuifuta kesi hiyo. Baadaye pande hizo zilipatana nje ya mahakama, na Julai 2008 XM ikaungana na mpinzani wake, Sirius.

Kampuni za muziki hazikuwa zikipiga kelele bure. Nyimbo zilizokatwa na kupangwa kwa majina ni duka la muziki, na mwimbaji naye anahitaji kula. Lakini mahojiano, mpira au onesho la saa kumi alfajiri havimo dukani; visiporekodiwa vimepita. Anayetaka kipindi aliwekwa kapu moja na anayekusanya nyimbo za bure, na hapo hakutendewa haki.

Nawe ukinunua huduma yoyote inayokuruhusu kuhifadhi vipindi, muulize muuzaji kabla ya kutoa pesa: siku nikiacha kulipia, nilivyohifadhi vitabaki kwangu?