Unajificha kwa Nani?

"Dada, nifungulie ile nyeusi." Hapa steshenari kwangu Msamvu, Morogoro, ombi hilo halihitaji maelezo. Mteja anataka dirisha la hali fiche la Chrome, lile lenye alama ya kofia na miwani, aingie kwenye barua pepe yake au ajaze fomu ya mkopo wa chuo bila kumwachia chochote atakayekalia kiti baada yake. Kwa kazi hiyo namfungulia bila kusita. Kompyuta zangu ni za watu wote, na akaunti iliyoachwa wazi ni mali ya anayefuata.

Tatizo ni pale anapojinyoosha kitini na kusema sasa hakuna anayemwona. Hali fiche inamficha kwa watu wa upande huu wa skrini. Wa upande wa pili wanaendelea kuona mengi. Ni sawa na kufagia nyayo zako uani wakati majirani walikuwa barazani ulipopita.

Ukifunga dirisha lile, kivinjari hufuta orodha ya kurasa ulizofungua pamoja na vidakuzi. Kidakuzi ni faili dogo ambalo tovuti huliweka kwenye kifaa chako ili ikutambue ukirudi. Alilibuni Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, mwaka 1994, na lina faida: bila hilo ungeandika nywila kila unapofungua ukurasa mpya.

Wanaolalamikiwa ni wageni ambao hukuwaalika. Fungua ukurasa wa gazeti. Habari inatoka kwa gazeti, lakini matangazo, vitufe vya kusambaza habari na kifaa cha kuhesabu wasomaji mara nyingi vinatoka kwa kampuni nyingine, na kila moja inazungumza na kivinjari chako. Kampuni yenye vipande vyake kwenye maelfu ya tovuti inaweza kujua kwamba aliyesoma kuhusu kisukari asubuhi ndiye aliyetafuta chumba cha kupanga jioni.

Hata vidakuzi vikifutwa, zinabaki alama nyingine: anwani ya IP, ukubwa wa skrini, lugha, aina za herufi zilizomo kwenye mashine. Mwaka 2010 shirika la Marekani la Electronic Frontier Foundation lilipima jambo hili, likakuta zaidi ya asilimia 80 ya vivinjari vilivyopimwa vina mchanganyiko wa alama usiofanana na wa kingine chochote. Na ukiingia kwenye akaunti yako ndani ya dirisha jeusi, umejitaja jina mwenyewe.

Jambo hili lilifika mahakamani. Juni 2020 watumiaji walifungua kesi California, wakidai kwamba Google iliendelea kukusanya taarifa zao walipokuwa kwenye hali fiche, kupitia zana zake zilizomo ndani ya tovuti za watu wengine. Walidai angalau dola bilioni 5. Google ilikana kosa, lakini masharti ya maridhiano yaliyowasilishwa Aprili 2024 yaliitaka ifute mabilioni ya kumbukumbu na ieleze waziwazi zaidi hali fiche inaficha nini. Watumiaji hawakugawiwa fedha. Kila mmoja aliachiwa haki ya kudai kivyake.

Vivinjari navyo havifanani, na ukitaka kujua tofauti, tazama mwenye nacho anakula wapi. Safari ya Apple ilizuia vidakuzi vyote vya wageni mwaka 2020. Firefox mwaka 2022 ilifanya iwe kawaida kukifungia kila kidakuzi ndani ya tovuti kilikotoka. Google, ambayo riziki yake kubwa ni matangazo, iliahidi Januari 2020 kuviondoa kwenye Chrome ndani ya miaka miwili, ikasogeza tarehe mara kadhaa, kisha Julai 2024 ikaachana na mpango huo.

Wateja wangu wa bando dogo wanapenda Opera Mini. Katika kiwango chake cha juu cha kubana data, kurasa hupitia kwanza kwenye seva za Opera, zikapunguzwa uzito, ndipo zikafika kwenye simu. Sina ugomvi na hilo, kwa sababu bando ni hela. Ila ninawaambia: soma habari humo, mambo ya benki yafanyie kwingine.

Sheria zipo. Kenya ilitunga ya kulinda data mwaka 2019, na yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Inakupa haki ya kujua taarifa gani zako zinashikiliwa na kudai zirekebishwe. Lakini msingi mmojawapo wa sheria hizi ni ridhaa, na ridhaa tunaitoa kila siku kwa kidole gumba.

Kwa hiyo anza na kidole hicho. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, tafuta sehemu ya faragha, zuia vidakuzi vya wageni. Futa viongezi usivyovitumia, maana baadhi vina ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaoufungua. Na kile kisanduku cha vidakuzi kikikurukia, usikimbilie "Kubali zote". Bonyeza "Kataa", mara nyingi ukurasa utafunguka vilevile.