Likizo ya Uzazi Inapokwisha: Kurudi Kazini au Kubaki Nyumbani

Mwanamke aliyeajiriwa Tanzania Bara, likizo ya uzazi inapokwisha, huwa na mtoto ambaye bado chakula chake ni maziwa ya mama tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 84 zenye malipo, au siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Siku 84 ni wiki 12. Miezi sita ni takribani wiki 26. Mama anayejiona amegawanyika kati ya kazi na mtoto, kwa sehemu kubwa amebanwa na pengo hilo la wiki 14.

Pengo lenyewe huweza kupanuka. Likizo inaruhusiwa kuanza wakati wowote kuanzia wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio ya kujifungua. Anayeianza mapema kiasi hicho hurudi kazini mtoto akiwa na wiki nane hivi, na ndiyo maana wengi hufanya kazi hadi siku za mwisho za ujauzito. Kwa upande mwingine, mama haruhusiwi kufanya kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kuwa anaweza. Muda huo haupishani sana na arobaini inayofuatwa katika familia nyingi.

Anayerudi ana haki ya kuendelea na kazi kwa masharti yaleyale aliyoyaacha. Akiwa ananyonyesha, mwajiri anapaswa kumruhusu kumnyonyesha mtoto saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Kwa anayeishi Mbagala na kufanya kazi Posta, jijini Dar es Salaam, foleni huweza kuzimaliza saa hizo njiani. Kwake ni afadhali kukubaliana na mwajiri azitumie kwa kutoka mapema. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito si halali, na mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Kurudi kazini si lazima kukatize unyonyeshaji. Matiti hutengeneza maziwa kadiri yanavyotolewa: yakiachwa yajae kwa saa nyingi, utengenezaji hupungua na titi huweza kuvimba. Kwa hiyo mama hukamua akiwa kazini, na kumnyonyesha mtoto asubuhi, jioni na usiku; usiku ndipo homoni ya prolaktini, inayochochea utengenezaji wa maziwa, huwa juu zaidi. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa hadi saa nne katika joto lisilozidi nyuzi 25 za Selsiasi. Katika miji ya pwani, ambako joto la mchana hupita hapo karibu mwaka mzima, ni salama zaidi kuyaweka kwenye jokofu, ambamo hukaa hadi siku nne. Hupashwa kwa kutumbukiza chombo ndani ya maji ya moto, si kwa kuyachemsha, na mtoto hunyweshwa kwa kikombe safi, ambacho ni rahisi kuosha kuliko chupa. Inafaa mama na mlezi waanze mazoezi ya kukamua na kunywesha wiki mbili kabla ya likizo kwisha.

Upande wa fedha unahitaji hesabu ndefu kuliko ya mwezi mmoja. Malipo ya dada wa kazi au kituo cha kulelea watoto, nauli na chakula cha mchana vikitolewa, mshahara mdogo huweza kubakiza kidogo. Lakini anayeacha kazi hukatisha pia michango ya hifadhi ya jamii, na pensheni ya uzee hudai michango ya miezi 180. Pale ambapo kipato kinachobaki hakitoshi kugharamia mlezi wa kuaminika, kukaa nyumbani kwa muda ni uamuzi wenye mantiki.

Afya ya akili nayo huingia katika mizani. Huzuni isiyokwisha, kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, au kutomjali mtoto ni dalili za sonona baada ya kujifungua, ambayo inatibika hospitalini. Uamuzi wa kuacha au kurudi kazini usifanywe katika hali hiyo. Baba, ambaye sheria hiyohiyo ya ajira ilimpa siku tatu tu za likizo, ana sehemu yake katika kulea usiku na kugharamia mlezi.

Mama lishe, mkulima na mchuuzi hawana mwajiri wa kuwalipa siku 84. Wao hutegemea akiba na ndugu. Kwa mwajiriwa, sheria inataka taarifa itolewe angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha daktari. Huo ndio wakati mwafaka wa kupanga na mwajiri na familia tarehe ya kurudi, saa za kunyonyesha na nani atabaki na mtoto.