Posho ya Mpagazi, Hesabu ya Bodaboda

Mwulize kijana wa bodaboda pale Cheyo, Tabora, kama chombo ni chake. Huenda akakujibu: "Ni ya mkataba." Maana yake tajiri amenunua pikipiki, yeye anapeleka hesabu kila wiki, na muda waliopatana ukitimia inakuwa yake.

Karatasi? Pengine ipo moja ya mkono, pengine hakuna. Mkataba upo vilevile. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyorithi mengi kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, inatambua hata mapatano ya mdomo, ila pale sheria nyingine inapodai maandishi. Kifungu cha 10 kinataka wanaopatana wawe na hiari na uwezo kisheria, yaani umri wa miaka 18 na akili timamu, kila upande utoe kitu, na jambo lenyewe liwe halali. Karatasi ni ushahidi, nao huhitajika siku mmoja anapogeuza maneno.

Mji huu unayajua mapatano ya namna hiyo tangu zamani. Karne ya 19, misafara ya kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika hapa. Mpagazi alijifunga kubeba kama frasila mbili, kilo 32 hivi, hadi kituo kilichotajwa. Mwenye msafara naye alijifunga kumlipa nguo, sehemu yake kabla ya safari, na kumpa posho njiani. (Mtumwa aliyetwishwa mzigo hakuwa na mkataba wowote, hiari haikuwepo.) Wazungu waliopita huku walijaza vitabu vyao malalamiko juu ya wapagazi watoro. Mimi nikizisoma kurasa hizo huuliza kwanza: posho ilikuwa imetolewa?

Swali hilo ni la kisheria hasa. Ahadi mbili zikiwa za kutekelezwa kwa pamoja, kifungu cha 51 hakikulazimishi kutimiza yako ikiwa mwenzako hayuko tayari kutimiza yake. Kwa hiyo kabla ya kumwita mtu mvunja mkataba, tazama nani alianza.

Na aliyevunja hulipa nini? Kifungu cha 73 kinampa aliyeumizwa fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji wenyewe, si ya kila balaa lililofuata. Matajiri wengine hujihami kwa kuandika faini: hesabu ikikosekana wiki moja, dereva alipe Sh 500,000. Dereva akishatia sahihi hudhani amekwisha. Kifungu cha 74 kinasema vingine: mahakama itatoa fidia inayostahili, na kile kiasi kilichoandikwa ni ukomo wake tu. Hesabu ya wiki ikiwa Sh 60,000, nusu milioni itahitaji maelezo mazito.

Ugomvi mwingi, hata hivyo, huzuka pale karatasi iliponyamaza. Hesabu imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, mashahidi wametia sahihi; injini ikifa mwezi wa nane, hakuna mstari unaosema nani anunue nyingine, wala kama hesabu inasimama pikipiki ikiwa gereji.