Konokono Wako Anakula Nini Hasa?

Ndugu mkulima, wiki iliyopita mama mmoja anayefuga konokono alinipigia simu: "Afisa, hii sukuma ya kando ya mtaro wa maji taka nawapa tu. Si wanakula chochote?" Kula watakula. Shida ni kinachobaki mwilini.

Konokono hali majani peke yake. Anakula na udongo, anakwangua mawe akitafuta chokaa ya kujengea gamba. Kwa hiyo madini yenye sumu yanamwingia kwa njia mbili: yaliyo ndani ya majani, na yaliyo kwenye udongo. Kadmiamu hupanda kirahisi kutoka ardhini hadi kwenye mboga, hasa udongo ukiwa na asidi. Risasi haipandi sana. Hiyo huja zaidi na vumbi na matope.

Yakishafyonzwa, mengi huhifadhiwa kwenye ile tezi laini ya kusaga chakula, iliyojikunja mwisho kabisa wa gamba. Humo kuna protini inayoikamata kadmiamu. Kwa konokono hiyo ni kinga. Kwako ni mtego: unamwona mzima, mnene, kumbe amebeba mzigo, na anauongeza kila siku kwa sababu kuutoa ni polepole mno. (Shaba ni habari nyingine. Hiyo anaihitaji, damu yake huitumia kubeba oksijeni, ndiyo maana ina rangi ya samawati.)

Hapa nikiri kosa. Nilikuwa nawaambia watu wamfungie konokono siku mbili tatu bila chakula, basi ametakata. Wapi! Hiyo inatoa kinyesi na udongo wa utumbo tu. Kadmiamu ya kwenye tezi inabaki. Hata kuchemsha hakusaidii, si kijidudu kile.

Basi nikamwambia: achana na majani ya maji taka, ya kando ya barabara kuu, na ya karibu na wanapovunja betri. Udongo wa banda nao utoke mahali safi. Mpe maganda ya mayai yaliyosagwa apate chokaa. Ukichinja, kata tezi yote uitupe, upike mguu peke yake. Na usiwape kuku hiyo tezi, tafadhali. Utakuwa umeuhamisha mzigo.

"Na hawa walio bandani tayari? Karo ya watoto iko humo."

Nikamwambia asiuze hata mmoja mpaka apeleke wachache maabara, wapimwe kadmiamu na risasi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kupima ni pesa ngapi.